Fidia na Ukoo: Watumwa Walioachwa Huru na Mwanzo Mpya katika Misheni za Pwani, 1864–1890

Katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, mtumwa hakupoteza uhuru wa mwili peke yake, kwa maana kilichomfanya awe mtumwa machoni pa watu ni kukatwa na ukoo wake, yaani kutengwa na wale ambao wangemlipia deni, wangemwozesha, wangemtetea barazani na kumzika akifa. Mtu huru, awe tajiri au maskini, alijulikana kwa jibu la swali la yeye ni wa nani, na mtumwa alipoulizwa swali hilohilo jibu lilikuwa jina la bwana wake. Kwa sababu hiyo habari za watu waliotoka utumwani na kuingia katika misheni za Kikristo za Zanzibar, Bagamoyo, Mombasa na Masasi hazieleweki zikisimuliwa kama habari za minyororo iliyokatwa tu. Mnyororo ulikatwa kwa siku moja, mara nyingi na baharia wa Kiingereza asiyejua neno hata moja la Kiswahili, lakini ukoo haukurudi siku ile, na kwa walio wengi haukurudi kabisa. Neema, fundisho ambalo wahubiri walikuja nalo likiwa limebeba karne nyingi za mabishano ya Ulaya kuhusu dhambi na hatia, liliwafikia watu hawa kwa sura nyingine: liliwafikia kama kupokelewa na jamaa.

Watu hao hawakuwa wa aina moja, na tofauti zao zina uzito katika historia hii. Walikuwako mateka, jina walilopewa waliotwaliwa na manowari za Uingereza kutoka katika majahazi yaliyokuwa yakiwasafirisha kwa magendo, ambao wengi wao walikuwa watoto na vijana wa Kiyao, Kinyasa, Kimakua na wa makabila mengine ya bara ya kusini. Walikuwako walionunuliwa sokoni na wamisionari wenyewe. Na walikuwako watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya mabwana zao, hasa katika mwambao wa Mombasa na Malindi, bila kukombolewa na mtu yeyote. Mateka na walionunuliwa waliletwa. Mtoro alijileta mwenyewe, na itaonekana mbele kwamba yeye ndiye aliyezipa misheni mtihani mgumu zaidi.

Mazingira ya kisheria yalikuwa na utata. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Zanzibar aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, kwa shinikizo la Uingereza, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko ya hadharani, lakini haukuufuta utumwa wenyewe, uliobaki halali Zanzibar hadi 1897 na katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1907. Mtu aliyekamatwa ndani ya jahazi mwaka 1875 alikuwa huru, ilhali dada yake aliyefika miaka miwili kabla yake alikuwa bado mali ya mtu, na wote wawili waliweza kukutana kisimani. Haki inadai isemwe pia kwamba sheria ya Kiislamu ilihesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ni tendo la thawabu, na kwamba waja wengi walipata heshima na udugu ndani ya Uislamu wenyewe, hasa tariqa ya Kadiria ilipoenea mwishoni mwa karne. Nayo mataifa yaliyokuja kuhubiri uhuru hayakuwa na mikono safi, kwa kuwa mashamba ya miwa ya Réunion, kisiwa cha Wafaransa, yalikuwa yamelimwa na watu waliotoka pwani hiihii. Misheni hazikufika katika nchi ya giza zikiwa taa. Ziliingia katika biashara ambayo Wazungu, Waarabu, Wahindi, Waswahili na Waafrika wa bara wote walikuwa wameishiriki.

Jambo la kwanza ambalo imani ile mpya ililazimika kulipata lilikuwa lugha. Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, alitumia miaka mingi kukusanya maneno na kutafsiri Maandiko, akisaidiwa na wenyeji wa Unguja, miongoni mwao mwanazuoni wa Kiislamu Sheikh Abdulaziz, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kwa Kiswahili fasaha. Maneno ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kwa ajili ya habari za wokovu hayakuwa maneno ya hekaluni. Kukomboa lilikuwa neno la rehani, yaani kulipa deni ili kitu kilichowekwa dhamana kirudi kwa mwenyewe, na kitu hicho wakati wa njaa kiliweza kuwa mtoto, kama ilivyotokea kwa jamaa nyingi za Wamijikenda katika njaa kali ya miaka ya 1880. Fidia yalikuwa malipo ya kumtoa mtu katika mikono ya aliyemshika. Neema, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa baraka na riziki atoayo Mungu, mvua na mavuno yakiwamo.

Mwanatheolojia wa Ulaya aliposoma kwamba Kristo alitoa nafsi yake kuwa fidia, ilimbidi aeleze mfano huo kwa wasikilizaji ambao hawajapata kumwona mtu akinunuliwa. Huko Zanzibar maelezo hayo hayakuhitajika. Misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na vijana waliofundishwa kupanga herufi za risasi walikuwa haohao waliotolewa katika majahazi na masoko, hata ikawa neno fidia lilipangwa herufi moja moja na mikono ya watu ambao bei zao ziliwahi kutajwa kwa sauti mbele ya wanunuzi. Ni vigumu kufikiri kwamba walilisoma kama mfano tu.

Wa kwanza kati ya vijana hao walikuwa wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka 1864, baada ya kuwatwaa kutoka katika jahazi la magendo. Kwa nje tukio hilo halikutofautiana na desturi ya wakubwa kupeana watumwa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wale walielewa kuwa wamekuwa kitu kingine kuliko mali ya bwana mpya. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, walibatizwa mwaka 1865. Farajallah alifariki angali kijana. Swedi aliishi, akasoma, na mwaka 1879 akapewa ushemasi, daraja la kwanza kati ya madaraja matatu ya utumishi wa Kanisa yanayofuatana kwa ushemasi, upadre na uaskofu, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja hilo. Majina yao yanastahili kutazamwa. Farajallah ni faraja itokayo kwa Mungu, jina la Kiarabu lililotangulizwa jina la kizungu, na mchanganyiko wa aina hii ulikuwa wa kawaida, kwa maana ubatizo uliongeza jina bila kuweza kurudisha lile ambalo mama alilitoa.

Mahali pa soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, Kanisa la Kristo lilianza kujengwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na misheni, na nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe, akajenga dari la kuba refu kwa matumbawe na saruji ambalo wengi walitabiri litaanguka, na mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba madhabahu iliwekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Mafundi na vibarua wa jengo lile walipita kila siku juu ya ardhi ambayo kwa baadhi yao haikuwa historia bali kumbukumbu.

Miongoni mwa masimulizi machache ya wakati huo yaliyotoka kwa mtumwa mwanamke ni ya Suema, binti wa Kiyao aliyefika Zanzibar mwaka 1865 akiwa amekonda kwa njaa baada ya safari ambayo mama yake alifia njiani. Kwa kuwa mfanyabiashara alimwona kuwa hana thamani tena, alizikwa akiwa hai katika kaburi la kina kifupi, na kijana mmoja kutoka Réunion aliyesikia kilio chake akamfukua na kumpeleka kwa masista wa Kikatoliki waliokuwa wameanza hospitali mjini. Baadaye alipangiwa kumuuguza Mwarabu aliyejeruhiwa, akamtambua kuwa ndiye aliyewatesa yeye na mama yake, na baada ya mapambano makali ya moyo akamsamehe. Simulizi hili liliandikwa na Padre Antoine Horner na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870 kwa lengo la kuwavuta wafadhili, na msomaji makini hana budi kukumbuka kwamba maneno ya binti yamepita katika kalamu ya padre na matarajio ya wasomaji wa Ulaya. Hata hivyo lipo jambo ndani yake ambalo kalamu ya padre haikuweza kulitunga kwa urahisi: uzito wa msamaha wenyewe, ambao hausimuliwi kama fadhila laini ya mtu mwema bali kama mzigo aliougombania, akitaka kwanza kulipiza kisasi cha mama yake. Katika historia ya utumwa, mahubiri ya msamaha yanaweza kugeuka kwa haraka kuwa njia ya kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Kwa Suema ilikuwa kinyume chake, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kutoa, na aliyekuwa bwana alikuwa kitandani akihitaji kupewa maji.

Watawa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Horner huyohuyo, walivuka bahari hadi Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kituo ambacho ndani yake kilikuwamo kijiji cha waliokombolewa. Mpango ulikuwa wazi: mtoto alinunuliwa, akalelewa shuleni na shambani, akabatizwa, akaozeshwa kwa binti aliyelelewa na masista, kisha jamaa hiyo mpya ikapewa nyumba na kipande cha ardhi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha karibu kila kitu na kazi ikaanza upya, na kuanzia mwaka 1877, misheni ilipofunguliwa Mhonda, jamaa za Kikristo kutoka Bagamoyo zilipelekwa bara kuwa mbegu za vijiji vipya. Lakini katika mpango huu uhuru ulikuwa na mipaka myembamba. Kengele iliamua saa ya kuamka, ya sala, ya kulima na ya kulala, mapadre waliamua mambo mengi ya ndoa, na kulikuwa na siku za kazi ya misheni ambazo mwanakijiji hakuwa na hiari nazo. Neema ilihubiriwa kuwa ni zawadi, na maisha yakapangwa kana kwamba zawadi hiyo ina deni lisilokwisha. Kasoro hii haikuwa ya Bagamoyo peke yake, na itakuwa uonevu kuwatwika Wakatoliki peke yao.

Huko Mombasa mambo yalichukua mkondo mwingine, kwa sababu waliotangulia kujenga kijiji cha watu huru walikuwa Waafrika wenyewe. Tangu katikati ya karne, mateka wengi waliokuwa wametwaliwa baharini walipelekwa India, na baadhi ya watoto miongoni mwao walilelewa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, katika kituo cha Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, ambako walijifunza useremala, uhunzi, kusoma na lugha za Kihindi na Kiingereza. Mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyesoma ibada ya maziko kwa Kiingereza wakati moyo wa David Livingstone ulipozikwa chini ya mti katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, akachonga maandishi kwenye mti huo na kuusindikiza mwili hadi London. Wenzake waliorudi Mombasa ndio waliokuwa walimu, mafundi na viongozi wakati William Salter Price alipofika na kununua ardhi ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, ambapo kijiji cha Freretown kilianzishwa mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuwa ametumwa kwa Sultani Barghash miaka miwili kabla yake. Manowari zikawa zinashusha mateka kwa mamia, wagonjwa na wenye vidonda, wasioelewana lugha, na kwa wengi wao Kiswahili kikawa lugha ya kwanza waliyozungumza kama watu huru.

Freretown nayo ilikuwa na kengele yake, na mahali pale panaitwa Kengeleni hadi leo. Ilikuwa pia na viboko. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya wanakijiji kuhusu adhabu za mijeledi na kifungo yaliwafikia maofisa wa Uingereza na wakuu wa CMS, na uchunguzi ukafanywa. Mtu aliyepigwa mijeledi na bwana wa shamba la Malindi, kisha akapigwa tena na msimamizi aliyekuwa anamfundisha sala ya Bwana, alikuwa na kila haki ya kuuliza tofauti iko wapi, na inafaa ikumbukwe kwamba waliolalamika hawakuiacha imani kwa sababu hiyo. Walidai misheni iishi kama inavyohubiri. Dai hilo halingetoka kwa mtu anayejiona kuwa mgeni katika nyumba ya wengine, kwa hiyo malalamiko yenyewe yanaonyesha kwamba walikwisha kujihesabu kuwa wenye nyumba.

Swali lililokuwa gumu kuliko mijeledi lilikuwa la watoro. Mtoro alikuwa kisheria mali ya bwana wake, na mabwana wa Mombasa, waliokuwa na silaha na hasira ya haki kwa kadiri ya sheria ya nchi, walitishia mwaka 1880 kuishambulia Freretown. Misheni ilikuwa chini ya ulinzi wa Sultani na ilitegemea urafiki wa maofisa wa Uingereza, ambao waliishauri iwarudishe watoro au isiwapokee, na viongozi wa CMS wakatoa maagizo ya namna hiyo. Kwa upande wa sheria na busara hawakukosea, lakini kwa upande wa Injili waliyoihubiri maagizo yale yalikuwa na shida isiyofichika, kwa sababu yalisema kwamba mlango uko wazi kwa yule aliyelipiwa na umefungwa kwa yule asiyelipiwa. Mafundisho ya neema yanasema kinyume chake: anayekuja mikono mitupu ndiye mwenye haki ya kuingia, kwa kuwa hakuna aliye na kitu cha kulipa.

Walioliona jambo hilo kwanza walikuwa wakulima wa Kigiriama. Katika bara ya Malindi, Wagiriama wachache walioamini walianzisha makazi yao wenyewe, na yaliyojulikana zaidi yakawa Fuladoyo, mahali ambapo mtoro hakuulizwa barua wala bei. Walilima, wakasali, wakajilinda, na idadi yao ikaongezeka kila mwezi bila Mzungu kukaa kati yao. Mkuu wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883 na watu wa pwani waliotaka kuivunja ngome hiyo ya watoro, na anakumbukwa kuwa shahidi wa kwanza wa Kiprotestanti katika nchi ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Ushahidi wake haukuhusu fundisho la kwenye karatasi. Aliuawa kwa sababu ya watu aliokataa kuwatoa, na kwa kuwa hakuwa na mkataba wa kumkinga wala manowari ya kuiita, alijua mapema bei ya ukaribisho ule.

Huko Rabai, kilomita chache kutoka Mombasa, kanisa liliongozwa na William Jones, mmoja wa waliolelewa Nasik, mhunzi aliyegeuka kuwa mwalimu, ambaye mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu James Hannington pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Katika mwaka uleule Jones alifuatana na Hannington kuelekea Uganda, akaachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, na habari zilipofika kwamba askofu ameuawa Busoga, yeye ndiye aliyeurudisha msafara ule kwa miguu hadi Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886, akitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la Kiebrania lenye maana ya kuondoka kwa utukufu. Mtu huyu hakuwa na hamu ya kutii agizo la kuwafukuza watoro. Yeye mwenyewe aliuzwa alipokuwa mtoto, na wale waliokuja usiku wakijificha vichakani walikuwa ndugu zake kwa namna ambayo kamati ya London haikuweza kuielewa. Aliwapa viwanja, akawafundisha, akawaingiza katika darasa la ubatizo, na Rabai ikakua kuwa mji wa watu ambao kisheria hawakuwa na haki ya kuwa pale.

Mwaka 1888, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipochukua utawala wa mwambao, mabwana walidai mali yao, na vita ilikuwa karibu. Mwakilishi wa kampuni, George Mackenzie, alifanya hesabu ya watoro waliokuwa katika vituo vya misheni na kukuta kwamba wanazidi 1,400, wengi wao wakiwa Rabai, na akakubaliana na mabwana walipwe fidia. Fedha zilichangwa na kampuni, serikali ya Uingereza, CMS na wafadhili wengine, na tarehe 1 Januari 1889 watoro walikusanywa na kupewa hati za uhuru. Mackenzie alikuwa mtu wa biashara aliyetaka amani ili misafara ipite, na kitendo chake hakihitaji kupambwa kwa utakatifu. Lakini kwa wale waliosimama kwenye mstari, neno walilolisikia kanisani kwa miaka kadhaa lilikuwa limetokea sasa mbele ya macho yao kwa fedha taslimu: mtu mwingine amelipa, na wewe nenda zako.

Hata hivyo mpangilio wa mambo unapaswa kuangaliwa kwa makini, kwa maana hati hazikuwafanya wawe jamaa. Walikwisha kuwa jamaa kabla fidia haijalipwa, wakati ambapo kila mmoja wao angeweza kudaiwa na kurudishwa shambani. Walioana, wakazaa, wakazikana, wakasimamiana ubatizo. Mzazi wa ubatizo, yaani mtu anayemsimamia anayebatizwa na kuahidi kumlea katika imani, alikuwa katika kanisa la Ulaya cheo cha heshima ambacho mara nyingi kilisahauliwa baada ya sherehe, ilhali kwa mtoro asiye na mjomba wala shangazi alikuwa mtu wa kweli wa kukimbilia wakati wa posa, ugonjwa na matanga. Katika mambo haya madogo ya nyumbani, ambayo taarifa za wamisionari huyapita haraka ili zifike kwenye idadi ya waliobatizwa, ndimo mwanzo mpya ulipokuwa. Wenyeji wa pwani waliwaita Wamisheni, jina lililokuwa na dharau kidogo ndani yake, kama la watu wasio na asili. Wakalipokea, nalo likawa jina la ukoo.

Steere, kwa upande wake, alikuwa na hamu ya kuona waliokombolewa wakirudi walikotoka. Kutoka Mbweni, shamba ambalo misheni ililinunua kusini ya mji wa Unguja mwaka 1871 na kulifanya kijiji cha mateka, kundi la wanaume na wanawake zaidi ya 50 lilifuatana naye mwaka 1876 kwa nia ya kufika ziwa Nyasa, karibu na nchi zao. Walipofika Masasi waliona milima, maji na ardhi nzuri, wakasita kuendelea, na Steere akakubali wakae. Miaka sita baadaye, Septemba 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara walikivamia kijiji na kuchukua mateka, hata watu waliokombolewa mara moja wakalazimika kutafutwa na kukombolewa mara ya pili, na wengi wa waliobaki wakahamia Newala. Mwanzo mpya haukuwa na dhamana ya kuwa wa mwisho.

Kutoka katika jamii ya waliokombolewa wa UMCA alitokea Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa Zanzibar akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, chuo cha wavulana cha UMCA, kisha Canterbury huko Uingereza. Jina lake la Kiswahili ni lile ambalo watu hulitaja wanapokiri kwamba jambo limetoka kwa Mungu wala si kwa nguvu zao. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao ya kusini, na mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza wa misheni yake kufika daraja hilo, mwenye mamlaka ya kuadhimisha Karamu ya Bwana na kutamka ondoleo la dhambi. Uzito wa uteuzi huo hauonekani bila kuelewa mpangilio wa Wayao, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ambao mtu mwenye heshima kwao ni yule anayeongoza mbumba, yaani kundi la dada zake na watoto wao wanaoishi chini ya ulinzi wake. Majaliwa hakuwa na mbumba. Alirudi kwa watu wa lugha yake akiwa hana dada wa kumsimamia neno wala mjomba wa kumtambulisha, katika nchi ambayo wakuu wake walikuwa wamefanya biashara ya watu kwa vizazi vingi na ambamo kila mzee alijua maana ya mtoto aliyeuzwa pwani.

Mkuu wa Chitangali, Nakaam, alimpa mahali pa kujenga. Majaliwa alifungua shule, akawa mwamuzi katika ugomvi wa majirani, akatembea vijiji vya Makonde na Ruvuma, na kanisa likakua kwa mwendo ambao vituo vya Wazungu vilivyokuwa karibu havikuufikia, jambo ambalo baadhi ya wamisionari walilikiri na wengine walipata shida kulikubali. Hakuwaita watu watoke katika koo zao na kukaa ndani ya uzio wa misheni, kama ilivyofanywa Mbweni na Bagamoyo. Aliyejua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kukatwa na ukoo hakuwa tayari kumkata mtu mwingine kwa jina la Injili, na hivyo waliobatizwa walibaki katika nyumba zao, chini ya wajomba zao, wakilima mashamba yaleyale. Nakaam naye alibatizwa baadaye, akachukua jina la Barnaba, na wazee wa Chitangali, ambao kwa desturi hawakumwita mtu baba bila kwanza kuuliza mama yake ni nani, wakamwita padre mtoto aliyeuzwa.